Nani Aliahidi Kwamba Haiozi?

Tumekua tukiambiwa kwamba plastiki haiozi. Katika masomo yote ya mazingira, nadhani hilo ndilo lililotuingia vizuri zaidi. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na sisi Tanzania tukaiaga mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, watu wakarudi kwenye vikapu. Sababu tuliyopewa ilikuwa moja: kitu hiki hakifi. Ukikitupa leo mtaroni, kitukuu chako atakikuta. Mbuzi akikimeza kitamuua, na mbuzi akishaoza chenyewe kitabaki palepale, kimejaa mchanga.

Kumbe kuna mahali plastiki inaoza, tena bila kungoja karne. Ni ndani ya mtu.

Sizungumzii chembe tunazozimeza kwenye maji ya chupa. Hilo lina wasemaji wake. Nazungumzia plastiki iliyoingizwa mwilini kwa makusudi, kwa kisu, kwa nia njema: kikombe cha polithini kwenye nyonga bandia, waya wa betri ya moyo uliovikwa poliuretani, wavu wa polipropilini unaoshonwa mahali penye ngiri. Kitabibu huitwa vipandikizi, jina ambalo huku kwetu watu wamelizoea zaidi kwa vile vijiti vya uzazi wa mpango. Neno lenyewe ni la bustani. Mche ukipandikizwa hushika au hunyauka, na mkulima anajua ndani ya wiki mbili. Plastiki haishiki wala hainyauki. Inakaa, na inabadilika polepole, na hakuna anayekwenda kuitazama kila asubuhi.

Swali langu si la kemia, ingawa sitaweza kuliuliza bila kemia kidogo. Daktari anapomwambia mgonjwa "hii itadumu", amesema nini hasa? Ametabiri, au ameahidi?

Kwa Kiswahili tofauti hiyo si ndogo. Ahadi ni deni, tunasema, na tunamaanisha kudaiwa kweli: aliyeahidi anaweza kufuatwa mlangoni kwake. Utabiri hauna deni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema kesho kutakuwa na mvua, na kesho jua likawaka, hakuna anayekwenda ofisini kwao kudai mvua yake. Sasa neno "itadumu" linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na naamini hospitali karibu zote duniani zinaishi ndani ya utata huo. Mgonjwa amesikia ahadi. Daktari ametabiri. Mambo yakienda vizuri, hakuna atakayegundua kwamba walikuwa wanaongea lugha mbili.

Hebu tuone yanapokwenda vibaya.

Mwili ni maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, na oksijeni imo. Polima, yaani familia nzima ya vitu tunavyoviita plastiki, ni minyororo: vipande vidogo vilivyoungwa kimoja baada ya kingine mara maelfu. Baadhi ya minyororo hiyo ina viungo ambavyo maji tu yanatosha kuvikata. Ndiyo siri ya zile nyuzi za mshono zinazoyeyuka zenyewe, usirudi hospitali kuzitoa. Pale kuoza ndiyo kazi, na kazi inafanyika vizuri. Lakini polithini na poliuretani hazikuchaguliwa zioze. Zilichaguliwa kwa sababu maabara, kwenye chupa ya maji ya chumvi, zilikaa tu, kimya, kama jiwe.

Mwili una zaidi ya maji ya chumvi. Una seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Zikikuta bakteria, zinammeza. Zikikuta waya wa sentimita hamsini, haziwezi. Basi zinajipanga juu yake, zinaungana na kuwa seli moja kubwa, halafu zinaanza kuumwagia silaha zilizo nazo: asidi, vimeng'enya, na haidrojeni peroksaidi, ileile inayomwagwa kwenye kidonda ikatoa povu. Zinafanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa saba. Hakuna wa kuziambia kwamba mgeni huyu ameletwa kumsaidia mwenye nyumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali imepinduka: anayeliwa ndiye mgeni, na mlaji ni mwili wenyewe, unaotimiza wajibu wake kwa uaminifu wote.

Waya za betri ya moyo ndizo zilizolifundisha hili kwa uchungu. Zamani zilivikwa silikoni, ambayo ni nene na huchanika upesi. Poliuretani ilipoletwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ilionekana ni zawadi: nyembamba, imara, yenye utelezi, waya mbili zinapita kwenye mshipa mmoja. Miaka ya mwanzo ya 1980 waya zilizotolewa kwa wagonjwa zikaanza kuonyesha nyufa. Nje, seli zilikuwa zimeshambulia pale plastiki ilipovutwa au kukunjwa. Na ndani kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Koili ya chuma iliyobeba umeme ilikuwa na kobalti, na kobalti ikigusana na ile peroksaidi inayopenya, huharakisha plastiki kuoksidika. Yaani waya ulikuwa unaozesha koti lake wenyewe.

Mwanamke mmoja wa Florida aliwekewa betri ya moyo mwaka 1987. Tarehe 30 Desemba 1990 ikashindwa kazi, akapasuliwa kwa dharura, na daktari wake akasema huenda kasoro ilikuwa kwenye waya. Shauri lake, Medtronic dhidi ya Lohr, lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1996. Kampuni ilisema serikali kuu ilishakiruhusu kifaa, kwa hiyo mahakama za majimbo hazina la kuuliza. Lakini kiliruhusiwaje? Kwa kuonyesha kwamba kinafanana na vifaa vilivyokuwa sokoni kabla ya sheria ya mwaka 1976. Majaji walio wengi wakasema utaratibu huo unapima kufanana, haupimi usalama, na mama yule anaweza kuendelea na madai yake.

Mimi si mwanasheria, ila hoja hii ya kufanana imenikaa kichwani. Ukimpokea mgeni kwa sababu anafanana na mgeni wa jana, na wa jana alipokelewa kwa kufanana na wa juzi, iko siku utarudi nyuma hadi kwa mgeni wa kwanza kabisa, na utakuta hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Niweke jambo moja pembeni. Wapo matapeli. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Kesi za namna hiyo zinauza magazeti, lakini kimaadili hazina fumbo: kudanganya ni kudanganya. Wanaonisumbua mimi ni waaminifu.

Na mwaminifu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza aliyefanya kazi hospitali ya Wrightington, Lancashire. Kuanzia mwaka 1958 alianza kutumia Teflon kwenye nyonga bandia. Teflon haiungani na chochote, hailiwi na asidi, ina utelezi kuliko barafu. Ukiangalia vitabuni utasema hii ndiyo. Aliwawekea wagonjwa takriban 300. Wakatembea, wakafurahi. Baada ya miaka michache maumivu yakarudi. Teflon ilikuwa inasagika chini ya tufe la chuma, na unga wake ulikuwa umeuchokoza mwili mpaka ukajaa uvimbe wenye uji mzito mweupe. Charnley alizifungua nyonga zile tena, moja baada ya nyingine. Mtu aliyeona madaktari wanavyokwepa wagonjwa wao wa zamani atajua hilo lina uzito gani.

Kisha akafanya jambo ambalo kamati ya maadili ya leo isingelipitisha. Alijipandikiza mwenyewe, kwenye paja, vipande vya Teflon na vya polithini. Baada ya miezi tisa vile vya Teflon vilikuwa vinaonekana kwa kupapasa, vimevimba karibu mara mbili. Cha polithini hakuweza hata kukipata vizuri kwa vidole. Akaandika matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 1963.

Polithini yenyewe iliingia kwa mlango wa nyuma. Mei 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha plastiki iliyokuwa ikitumika kutengeneza gia za mashine za kufumia nguo. Charnley akaichoma kwa ukucha, akaona laini, akaondoka zake. Fundi wake, Harry Craven, akaiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo. Mashine ikazunguka usiku na mchana kwa wiki tatu, na polithini ikawa haijalika hata kiasi cha Teflon kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo ikaingia kwa mgonjwa wa kwanza. Mamilioni ya watu wanaotembea leo bila mkongojo wanatembea kwa sababu fundi hakumsikiliza bosi wake. (Nimelisimulia hili mara nyingi kwa mafundi, na hawachoki.)

Basi hapo hadithi ingeisha kama ingekuwa hadithi. Miaka ikapita, na nyonga za polithini nazo zikaanza kulegea. Mfupa uliozishika ulikuwa unatoweka. Wataalamu kwanza wakailaumu saruji ya mifupa inayoshikilia kipandikizi, hata wakaupa ugonjwa jina la saruji. Wakatengeneza nyonga zisizotumia saruji. Mfupa ukaendelea kutoweka. Mkosaji alikuwa unga wa polithini, chembe ndogo kuliko bakteria, ambazo seli za kinga huzila, zikishindwa kuzisaga hupiga kelele, na kelele hizo huziamsha seli nyingine zenye kazi ya kula mfupa.

Halafu katika miaka ya 1990 likaja la pili. Vikombe vya polithini vilisafishwa vijidudu kwa mionzi ya gama, vikiwa kwenye pakiti zenye hewa ya kawaida. Mionzi huua vijidudu, ndiyo, lakini pia hukata minyororo ya polima na kuacha ncha zilizo wazi, zenye njaa ya oksijeni. Oksijeni ikiingia, plastiki inakuwa kavu na dhaifu kama ndoo iliyokaa juani miaka mitatu. Ubaya ni kwamba kazi hiyo huanza ndani ya boksi. Kikombe kilichokaa stoo miaka kadhaa kiliingia mwilini kikiwa kimeshazeeka. Mgonjwa alipewa kitu kipya, pakiti haijafunguliwa, tarehe sahihi, na kilikuwa mzee. Na kilichomzeesha ni ule usafi uleule uliokusudiwa kumlinda.

Nani wa kulaumiwa hapo? Nimelifikiria sana, na nadhani hakuna. Walioweka mionzi walifuata elimu bora ya wakati wao. Walipogundua, wakabadili: pakiti zisizo na oksijeni, baadaye polithini inayopigwa mionzi mingi zaidi kwa makusudi ili minyororo ifungane, kisha ikayeyushwa kwa joto ili zile ncha zenye njaa zizibwe, baadaye tena wakachanganya vitamini E. Leo matokeo ni mazuri sana. Uchambuzi uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia takriban 58 kati ya 100 zinafika miaka 25. Lakini tazama mtego uliomo kwenye namba hiyo. Ili ujue kitu kimedumu miaka 25, lazima kiwe kimewekwa miaka 25 iliyopita, na kile kilichowekwa wakati ule hakiuzwi tena. Ushahidi kamili hufika siku zote ukizungumzia kitu kingine. Anayewekewa leo yuko mbele ya ushahidi, si nyuma yake. Na itakuwa hivyo kwa kila kipandikizi kipya mpaka mwisho wa dunia.

Ndiyo maana nasema hakuna daktari mkweli anayeweza kuahidi kwamba plastiki itadumu. Hiyo si ahadi iliyo mkononi mwake. Fomu ya ridhaa nayo haimsaidii: inasainiwa mara moja, asubuhi, mgonjwa akiwa na njaa na woga, na kinachoridhiwa kitaendelea kubadilika kwa miaka ishirini. Tumeazima utaratibu wa kukubali tukio, tukautumia kukubali kitu cha kuishi nacho.

Mama yangu mkubwa anaishi Muheza. Alibadilishwa nyonga mwaka 2006, katika hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja, akiwa na miaka 55. Alimuuliza daktari itakaa muda gani. Daktari, kijana mcheshi, akamjibu: "Mama, hii itakuzika." Alilipenda jibu hilo. Alirudi nalo kijijini kama cheti. Kwa miaka kumi na mitano kila aliyemuuliza habari za mguu aliambiwa kwamba nyonga yake itamzika.

Mwaka 2021 akaanza kuchechemea. Tukarudi naye palepale. Faili halikuonekana. Idara ilikuwa imehamia jengo jingine, yule daktari alishaondoka, na zile stika ndogo zinazotoka kwenye pakiti ya kipandikizi, zenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na ukubwa, zilikuwa zimebandikwa kwenye faili, zikapotea nalo. Daktari mpya alitandaza picha ya X-ray akatuonyesha. Plastiki haionekani kwenye X-ray. Unachoona ni tufe la chuma, ambalo linapaswa kuwa katikati ya kikombe, limesogea juu. Hivyo unajua kwamba kilichokuwa katikati kimeliwa. Pembeni mfupa ulikuwa umeanza kufifia. "Kama tungejua ni ya nani na ya saizi gani," akasema, "pengine tungebadilisha kikombe tu na kuacha vingine. Sasa itabidi tujiandae kwa lolote."

Nikiwa kwenye benchi pale nje nilijiuliza nimkasirikie nani, na nikaona kwamba plastiki haikunikasirisha hata kidogo. Miaka kumi na mitano ya kwenda sokoni, shambani na misibani, plastiki imefanya kazi yake na imelika kama inavyolika kila kitu kinachofanya kazi. Faili ndilo lililonikasirisha.

Kwa maana faili liko mkononi mwa binadamu. Hakuna awezaye kuahidi kwamba polithini haitaoksidika, lakini mtu anaweza kabisa kuahidi hivi: tutakumbuka tumekuwekea nini, tutajua uko wapi, na habari mpya ikija kuhusu kitu hicho tutakutafuta. Hiyo ni ahadi ya kweli, yenye deni la kweli. Wasweden walianza rejista ya nyonga bandia za nchi nzima mwaka 1979, na ni daftari za namna hiyo zinazowezesha mtu kusema leo ni aina gani imefeli na nani anayo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika mstari mmoja kila baada ya upasuaji, na mwingine wa kuutunza.

Rafiki yangu muuguzi tulibishana naye kuhusu hili. Yeye alisema: "Ukimwambia bibi wa miaka sabini kwamba nyonga yake inageuka unga, umempa nini? Umemwibia usingizi tu." Hoja nzito. Kuna ukweli usiomsaidia mtu, na kuna madaktari wanaomwaga kila kitu mezani ili wawe wamesema, mzigo ubaki kwa mgonjwa. Lakini nilipomweleza mama mkubwa, kwa maneno ya kawaida, kilichoonekana kwenye picha, alinitazama kama mtoto. "Mwanangu," akasema, "bati la nyumba yangu najua litaota kutu. Mbona nalala? Nalala kwa sababu fundi wake namjua."

Sikuwa na la kuongeza, nikaenda kumpelekea muuguzi jibu hilo.

Ubishi wake wa pili ulikuwa mgumu zaidi: rejista, stika, kufuatilia watu miaka thelathini, hayo si ya wenye nacho? Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walishonewa wavu wa kiwandani, unaouzwa kwa zaidi ya dola 100. Nusu walishonewa kipande cha kitambaa cha chandarua, polithini iliyochemshwa kwa mvuke mpaka ikawa salama, thamani yake karibu dola moja. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu upande wa chandarua, na hakuna upande wa pili. Tofauti isiyo na maana. Ngiri isiyotibiwa inaweza kubana utumbo na kuua. Mimi niko upande wa chandarua, bila kusitasita.

Ila mwaka mmoja ni mwaka mmoja, na mwanaume wa miaka 35 ana miaka mingine arobaini ya kukaa na polithini ile kinenani. Je, anastahili uhakika mdogo kwa kuwa ni maskini? Nilipolichunguza swali hili niligundua kwamba limejengwa juu ya dhana mbovu, kwamba dola mia zinanunua uhakika. Hazinunui. Nyavu nyingi za kiwandani ni polipropilini, ambayo nayo huweza kuoksidika, na wataalamu wanabishana mahakamani na majaridani ni kwa kiasi gani. Muuzaji mmoja wa polipropilini ghafi Marekani aliandika kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa yake kwamba isitumike kwa vitu vya kukaa kudumu mwilini mwa binadamu, na ilitumika. Sheria ya huko ya mwaka 1998 iliwakinga wauzaji wa malighafi wasishtakiwe, kwa hofu kwamba wangeacha kuuza kabisa. Na Aprili 2019 mamlaka ya nchi hiyo iliagiza nyavu za kushikilia viungo vya nyonga vya wanawake, zile zinazowekwa kupitia ukeni, ziondolewe sokoni, baada ya miaka ya wanawake kulalamika maumivu na kuambiwa ni ya kichwani mwao.

Kwa hiyo dola mia hainunui kemia bora. Inanunua karatasi, na jina la wa kuulizwa. Chandarua hakina jina la wa kuulizwa, na hilo ndilo pengo la kuzibwa, si kitambaa. Wale wanaume 302, kwa kuwa walikuwa kwenye utafiti, waliandikwa na wakafuatwa. Mtu alikwenda kuwatazama mwaka mmoja baadaye. Wangapi waliolipia wavu wa bei kwenye hospitali binafsi za miji yetu walifuatwa na nani? Kwa mwaka ule mmoja maskini wa utafiti alikumbukwa kuliko tajiri wa risiti.

Kuna jambo moja la Charnley nililolibakiza. Alikuwa na desturi ya kuwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifa, nyonga zao zirudishwe kwake azichunguze. Wengi walikubali. Ukilisikia haraka linatisha, kama mdai anayesubiri mazishi. Mimi naliona kinyume: daktari anamwambia mtu mzima, mwenye akili timamu, kwamba sijui itakuwaje, na nitaendelea kutaka kujua hata baada ya wewe kuondoka. Kwetu ombi hilo lingekuwa gumu. Mama mkubwa ni Mwislamu, maziko ni siku ileile, na maiti ina heshima yake. Kufungua nyonga kabla ya kuosha si jambo la kumwambia mtu barazani. Nilimsimulia hata hivyo, nikidhani atasema astaghafirullah.

Alinyamaza kidogo, akawa anakuna goti. Kisha akauliza kama huyo daktari aliwahi kuzisoma kweli, au alikuwa anazikusanya tu. Nikamwambia alizisoma.

"Basi mimi shehe nitamuuliza," akasema. "Akiruhusu, waje wachukue. Ila washone vizuri, na waandike kwamba wamechukua."